Kadiri ya Joto na Mawingu ya Maniema

Daktari Livingstone alipowasili Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, mwishoni mwa Machi 1871, akawakuta wafanyabiashara wa pwani na waungwana wao wamekwisha kumtangulia, wamejenga nyumba na kufungua soko, mambo mawili yalikuwa yamekwisha kuthibitika ng'ambo ya bahari ambayo yamkini hapana hata mmoja katika soko lile aliyepata kuyasikia. La kwanza ni kwamba hewa ya ukaa, ikitiwa katika bomba la kioo na kuwekwa juani, hupata joto kuliko hewa ya kawaida na hukawia kupoa, kama alivyoonyesha bibi mmoja wa Marekani, Eunice Foote, mwaka 1856. La pili ni kwamba hewa hiyo, na mvuke wa maji pamoja nayo, huinasa miale ya joto isiyoonekana kwa macho, ilhali huiacha nuru ya jua ipite bila ya kipingamizi, kama alivyopima John Tyndall huko London kuanzia mwaka 1859. Maarifa haya, basi, ni makongwe kuliko mji wetu wa Kindu, kuliko reli iliyouunganisha mji huu na Kongolo na Kalemie, na kuliko mipaka ya Kongo iliyotambuliwa na wafalme wa Ulaya mwaka 1885.

Nimezitanguliza tarehe hizi kwa sababu aghalabu husikika barazani, na pengine hata darasani, kwamba habari ya dunia kupata joto ni uzushi wa juzi uliobuniwa na wenye kutafuta fedha za misaada. Sivyo. Kwamba gesi hizi huipatia dunia joto ni jambo lililokwisha hukumiwa zamani, wala mwanazuoni mwenye kuheshimika halirudii tena. Mabishano ya kweli, yaliyodumu zaidi ya miaka mia na ishirini na ambayo hata leo hayajafungwa kabisa, ni juu ya kadiri: joto litaongezeka kiasi gani kwa kila kiasi cha gesi? Na katika mabishano hayo anga la Kongo, hili lililo juu ya vichwa vyetu hapa Maniema, ni shahidi mkubwa ambaye mara chache sana huitwa kutoa ushahidi wake.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe jinsi inavyotendeka. Kila mita ya mraba ya dunia, ukichukua wastani wa mchana na usiku na wa pande zote, hupokea kutoka kwa jua nguvu ya wati zipatazo 240, baada ya kutoa ile nuru inayorudishwa na mawingu, barafu na mchanga. Na kwa kuwa dunia haiwezi kulimbika joto milele, haina budi kurejesha kiasi kile kile angani kwa njia ya miale isiyoonekana. Lau uso wa ardhi ungeirejesha moja kwa moja, bila ya gesi yoyote kuingilia kati, wastani wa joto la dunia ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri, na Lualaba isingekuwa mto bali mwamba wa barafu. Wastani wa kweli ni karibu nyuzi 15 juu ya sifuri. Tofauti hiyo ya nyuzi 33 ni kazi ya gesi, na ni neema, maana bila yake kusingekuwako msitu wala mtu.

Lakini neema hiyo inafanyikaje? Wengi hudhani kwamba gesi zimetanda kama dari ambayo joto hugonga na kurudi, na dhana hiyo, ijapokuwa ni nyepesi kueleza, huzaa makosa. Ukweli ni kwamba miale inayotoka ardhini hunaswa na chembe za mvuke, za hewa ya ukaa na za methani, na chembe hizo nazo hutoa miale yake pande zote, juu na chini, ikanaswa tena na tena, mpaka ifike juu sana, mahali ambapo hewa ni haba kiasi cha kuwa miale yaweza kutoroka isirudi. Huko juu ni baridi, na kitu baridi hutoa miale michache kuliko kitu cha moto. Ukiongeza gesi, mahali pa kutorokea hupanda juu zaidi, penye baridi zaidi. Miale iendayo angani hupungua. Pato la jua likawa kubwa kuliko matumizi. Na dunia haina budi kupata joto, toka juu hata chini, mpaka mizani ikae sawa tena.

Mwenye kutaka kuiona athari hii bila ya chombo na alinganishe usiku wa Kindu na usiku wa Lubumbashi katika miezi ya Juni na Julai. Kule Katanga, mbali na kuwa nchi imeinuka, anga la kiangazi ni kavu na halina wingu, na joto la mchana hukimbia mara jua linapotua, hata alfajiri mtu hutafuta koti. Huku kwetu, ambako hewa imejaa mvuke usiku kucha, joto la mchana hubaki nasi mpaka jogoo anapowika. Tyndall mwenyewe alilifahamu jambo hili, akaandika kwamba nchi ambayo ingeondolewa mvuke wake kwa usiku mmoja tu ingepatwa na jalidi la kuangamiza mimea.

Hoja ya kwanza ya kupinga ilitoka kwa Knut Ångström wa Uswidi mwaka 1900, naye alikuwa mtu wa vipimo, si wa domo. Alisema kwamba hewa ya ukaa iliyopo imekwisha kuinasa miale yote inayoweza kunaswa, na kwa hiyo nyongeza haitazidisha kitu. Hoja hiyo ilikubalika kwa muda wa karibu nusu karne, na kuna watu wanaoirudia mpaka leo wakidhani wameigundua wenyewe. Kosa lake ni kwamba vipimo vilifanywa katika hewa nzito ya chini, ilhali mambo huamuliwa kule juu kwenye hewa nyembamba na kavu, ambako unasaji haujakamilika hata kidogo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati majeshi yalipohitaji kujua miale inavyopita katika anga la juu, vipimo vipya vilipatikana, na mwaka 1956 Gilbert Plass, akitumia mashine za hesabu zilizokuwa mpya wakati ule, aliiondoa shaka ya Ångström. Hata hivyo Ångström alikuwa na chembe ya haki: nguvu ya kila sehemu inayoongezwa hupungua kadiri gesi inavyozidi, na ndiyo sababu wanazuoni hupima kwa maradufu. Kutoka sehemu 280 katika milioni, zilizokuwamo hewani kabla ya viwanda, mpaka 560, huongezeka karibu wati 4 kwa kila mita ya mraba. Na kutoka 560 mpaka 1,120 huongezeka kiasi kile kile.

Zipo hoja nyingine mbili ambazo kwa watu wa mashariki ya Kongo zina uzito wa pekee, nami nitazipitia kwa ufupi. Wa kwanza husema: mvuke wa maji ndio gesi kubwa kuliko zote katika kazi hii, na sisi tunaoishi ndani ya mvuke tunajua, mbona basi lawama iangukie hewa ya ukaa? Jibu ni kwamba mvuke haukai: hupanda leo, na kwa wastani baada ya siku tisa au kumi umekwisha kurudi chini kwa mvua, na kiasi chake hutawaliwa na joto lenyewe. Hewa ya ukaa, baada ya kuingia angani, sehemu yake kubwa hudumu karne nyingi. Mvuke ni mfuasi, na hewa ya ukaa ndiyo inayoongoza. Wa pili husema: volkano zetu za Nyiragongo na Nyamuragira hutoa hewa ya ukaa usiku na mchana. Ni kweli, na wakazi wa Goma wanaijua vizuri chini ya jina la mazuku, ile hewa itokayo katika nyufa za ardhi, ikatulia mabondeni kwa kuwa ni nzito, ikaua mbuzi, mbwa na pengine mtu aliyelala. Lakini volkano zote za dunia kwa pamoja hazitoi katika mwaka hata sehemu moja kwa mia ya zile tani zipatazo bilioni 37 zinazotoka katika makaa ya mawe, mafuta na gesi za ardhini.

Sasa tuje kwenye kadiri. Swali limewekwa hivi: ikiwa hewa ya ukaa itaongezeka maradufu, kisha dunia ikaachwa mpaka itulie, wastani wa joto utapanda nyuzi ngapi? Jawabu la swali hili ndilo wataalamu waliitalo unyeti wa tabianchi, na historia yake ni ya ajabu kwa jinsi lilivyohama kidogo. Mswidi mwingine, Svante Arrhenius, alilitafuta kwa kalamu na karatasi mwaka 1896, miaka miwili baada ya kwisha vita vilivyoipokonya Maniema kutoka mikononi mwa Waarabu na kuitia chini ya Dola Huru ya Kongo. Akapata kati ya nyuzi 5 na 6, na katika jedwali lake nchi zilizo karibu na ikweta, kama yetu, zilipewa karibu nyuzi 5. Tena alifurahi, kwa kuwa aliishi katika nchi ya baridi na aliona kwamba wajukuu wake wangepata hali nzuri ya kulima. Furaha ambayo mtu aliyewahi kupanga mstari mchana wa Machi kungoja mtumbwi wa kwenda Alunguli, hapa Kindu, hawezi kushiriki naye. Guy Callendar wa Uingereza alipata nyuzi 2 mwaka 1938. Syukuro Manabe na Richard Wetherald, mwaka 1967, walipata karibu nyuzi 2.3 kwa hesabu ya mashine iliyokuwa ya kwanza kuyaingiza mambo makuu ya anga kwa ukamilifu, na Manabe alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 90. Mwaka 1979 jopo la wataalamu wa Marekani chini ya Jule Charney lilisema: kati ya 1.5 na 4.5, na yenye kuelekea zaidi ni 3. Zilipita hizo zikaja ripoti na ripoti, na kwa muda wa miaka arobaini mipaka hiyo haikusogea sana. Hata mwaka 2021 jopo la kimataifa la IPCC likaifupisha, likasema kati ya 2.5 na 4, na katikati bado ni 3.

Msomaji aweza kushangaa: wenye setilaiti na mashine za kuhesabu mambo bilioni kwa sekunde wameshindwaje kuupunguza upana huo kwa haraka? Sababu haikufichika, na yafaa tuitazame kwa hesabu, kwa kuwa ndani yake ndimo umo moyo wa jambo lote.

Maradufu ya hewa ya ukaa peke yake, bila ya kitu kingine chochote kubadilika, yangeleta karibu nyuzi 1.2, na hapo hapana ubishi wowote. Lakini joto hilo huzaa joto jingine: hewa iliyopata joto hubeba mvuke zaidi, karibu sehemu 7 kwa mia kwa kila nyuzi moja, na mvuke huo nao hunasa miale, barafu huyeyuka, na ardhi au bahari iliyofunuliwa hunywa nuru iliyokuwa ikirudishwa. Tuseme kwamba kila nyuzi moja ya joto huzaa sita ya kumi ya nyuzi. Nyuzi 1.2 zitazaa 0.72, na hizo zitazaa 0.43, na hizo 0.26, na kuendelea hivyo kama riba inayotozwa riba, lakini kila mara ndogo kuliko iliyotangulia, mpaka jumla itulie kwenye nyuzi 3. Badili sasa sita ya kumi iwe tano ya kumi, jumla itakuwa 2.4, ifanye saba ya kumi, itakuwa 4. Angalia: kupunguza kwa sehemu moja kumetupunguzia 0.6, na kuongeza kwa sehemu moja kumetuongezea nyuzi 1 nzima. Shaka ndogo katika nyongeza huwa shaka kubwa katika jumla, na huwa kubwa zaidi upande wa juu kuliko upande wa chini. Kwa hiyo mtu anayejifariji akisema kwamba wataalamu hawana hakika, na pengine mambo yatakuwa mepesi kuliko wanavyodhani, ameisoma hesabu kinyume. Upande wa hatari ndio wenye mkia mrefu.

Na ile sehemu ya kumi yenye kubishaniwa iko wapi? Si katika mvuke, wala si katika barafu, ambazo zimekwisha kupimwa vizuri. Iko katika mawingu.

Wingu lina tabia mbili zinazopingana: mchana hulirudisha jua angani likaipoza ardhi, na mchana na usiku hunasa miale itokayo chini likaipasha. Lipi litashinda hutegemea wingu lenyewe, urefu wake, unene wake, na saa ya kutokea kwake. Mawingu ya chini, mapana na mazito, hupoza; mawingu membamba ya juu hupasha. Bonde la Kongo, pamoja na Amazoni na visiwa vya Indonesia, ni mahali patatu pakuu duniani ambapo hewa yenye joto na mvuke hupanda kwa nguvu mpaka kwenye kilele cha anga, ikajenga yale mawingu ya radi tunayoyaona alasiri yakiinuka juu ya msitu kilomita 15 na zaidi, kisha yakitandaza vilele vyake pande zote. Nguvu yake si ya kubahatisha: kwa hesabu za setilaiti zilizotolewa mwaka 2016, Kabare katika Kivu Kusini ni ya pili duniani kwa wingi wa radi, ikitanguliwa na ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Mwaka 2001 Richard Lindzen wa Marekani na wenzake walidai kwamba dunia ikizidi kupata joto, vilele hivyo vya mawingu vya tropiki vitajikunja na kupungua eneo, na kufungua mlango ambao joto litatokea. Kama ingekuwa kweli kwa nguvu aliyoidhani, unyeti ungeshuka mpaka karibu nyuzi 1 na sote tungelala usingizi. Dai hilo lilistahili kupimwa, likapimwa, na halikusimama kwa ukubwa ule. Upungufu mdogo wa eneo huenda upo. Bali limeonekana pia jambo jingine lenye nguvu zaidi, nalo ni kwamba mawingu ya juu hupanda juu zaidi kadiri dunia inavyopata joto, yakabaki na ubaridi wake ule ule ilhali chini kunazidi kuwa moto, na hivyo huongeza badala ya kupunguza.

Upande wa pili wa bara hili, juu ya Atlantiki mbele ya Angola na Namibia, limetanda mojawapo la matandiko makubwa kabisa ya mawingu ya chini duniani, yale yenye kupoza. Vipimo vya miaka ya karibuni vinaelekea upande mmoja: mawingu ya namna hiyo hupungua bahari inapopata joto, na kupungua kwake ni mojawapo ya sababu zilizowafanya wataalamu waitupe mbali sehemu ya chini ya mipaka ya Charney. Hapa pana jambo la kustaajabisha linalotuhusu sisi wenyewe. Katika miezi ya kiangazi moshi wa nyika zinazochomwa kusini mwa Kongo na Angola husafiri kuelekea magharibi ukapita juu ya mawingu hayo, ukiyatia kivuli mahali na kuyanenepesha mahali, hata NASA ikapeleka ndege zake kuanzia 2016 hadi 2018, kwanza kutoka Namibia na kisha kutoka São Tomé, ili kuupeleleza. Kiberiti cha mkulima wa Kongo, kwa hiyo, kimo ndani ya hesabu ya dunia nzima, na ni sehemu yake isiyofahamika vema.

Isidhaniwe kwamba kila kitu hutegemea mawingu ya kompyuta. Wapo mashahidi wengine. Barafu ya Antaktika, iliyohifadhi mapovu ya hewa ya miaka 800,000, inaonyesha kwamba hewa ya ukaa ilipanda na kushuka kati ya sehemu 180 na 300, na kwamba ilipokuwa karibu na 190, miaka ipatayo 20,000 iliyopita, dunia ilikuwa baridi kwa nyuzi 5 hadi 7 kuliko kabla ya viwanda. Volkano ya Pinatubo ya Ufilipino, iliyolipuka Juni 1991, iliipoza dunia kwa karibu nusu nyuzi, na kwa namna mvuke ulivyopungua baada yake wataalamu wakaipata nafasi ya kuijaribu hesabu ya nyongeza. Baadhi ya vielelezo vya kompyuta vilivyotolewa mwaka 2019 na 2020 vilitoa unyeti unaozidi nyuzi 5, watu wakaingiwa na hofu. Mashahidi hawa wa zamani ndio waliosaidia kuvipunguzia uzito, kwa sababu dunia yenye unyeti wa namna hiyo ingekuwa imepitia historia nyingine, si hii tunayoisoma katika mawe na barafu.

Palipo na hesabu pana pia suala la muda. Charles Keeling alipoanza kuipima hewa ya ukaa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa sehemu 315 katika milioni; mwaka 2024 ilikuwa imepita 420. Kwa kipimo cha maradufu tumekwisha kwenda zaidi kidogo ya nusu ya njia, na ukitumia nyuzi 3 ungetegemea joto liwe limepanda karibu nyuzi 1.8 kwa hewa ya ukaa peke yake, acha methani na gesi nyingine. Limepanda kidogo kuliko hivyo, kiasi cha nyuzi 1.3 hivi kwa wastani wa miaka ya karibuni, ingawa mwaka 2024 pekee ulipita 1.5. Mahali ilipo tofauti panajulikana: bahari imemeza zaidi ya sehemu 90 kwa mia ya joto lote lililozidi, nayo hupata joto polepole, na moshi wa viwanda, wenye salfa ndani yake, umekuwa ukiirudisha sehemu ya nuru ya jua. La kwanza ni ucheleweshaji, si msamaha. La pili ni uchafu unaoua watu kwa maradhi ya mapafu, ambao nchi nyingi zinajitahidi kuuondoa, na kila unapoondolewa joto lililofichika nyuma yake hujitokeza.

Haya yote yana maana gani kwa mtu wa Kindu? Kwanza, kwamba nchi kavu hupata joto kuliko bahari, na wastani wa dunia huificha tofauti hiyo. Pili, kwamba katika hewa yenye unyevu kama yetu mwili hujipoza kwa jasho kwa shida, hivyo nyuzi mbili za nyongeza hapa si sawa na nyuzi mbili za Uswidi, ijapokuwa zebaki imepanda kiasi kimoja. Tatu, mvua. Vielelezo vinahitilafiana kuhusu jumla ya mvua ya mwaka katika bonde la Kongo, vingine vikiiongeza na vingine vikiipunguza, lakini vinakubaliana zaidi kwamba mvua itakapokuja itakuja kwa nguvu zaidi, kwa kuwa hewa imebeba zaidi. Na kwa mkulima wa mpunga wa Kasongo au wa Kibombo, anayelima mlimani bila ya mfereji, akiutegemea mpangilio wa mvua na si jumla yake, habari hiyo haina faraja.

Lakini hapa yatupasa kuwa waadilifu, tusimtwike mshtakiwa kila kosa lililotendeka kijijini. Ziwa Tanganyika lilipanda mpaka mwaka 1878, likaubomoa ukuta wa matope na mimea uliokuwa umeuziba mdomo wa Lukuga, na maji yake yakateremka Lualaba. Hewa ya ukaa wakati ule ilikuwa bado karibu na sehemu 290. Mwaka 1961 mto Kongo ulipanda Kinshasa mpaka mita 6.26, na chanzo chake kilikuwa Bahari ya Hindi, ambayo katika miaka fulani upande wake wa magharibi hupata joto na kuisukumia mvua Afrika ya Mashariki na ya Kati. Januari 2024 mto ulifika mita 6.20, na Bahari ya Hindi ilikuwa katika hali ile ile. Gharika si kitu kipya katika bonde hili. Kilicho kipya ni kwamba hali ile ile ya bahari sasa inatokea juu ya dunia yenye joto zaidi na hewa yenye mvuke zaidi, na kwamba watu waliojenga mabondeni ni wengi kuliko mwaka 1961 kwa kadiri isiyoweza kulinganishwa.

Kuna kitu kimoja ambacho unyeti wa Charney haukihesabu, nacho ni msitu. Upande wa Mbandaka na kuvuka mpaka wa Kongo-Brazzaville, mbali na kwetu kwa kufuata mto, limelala tandiko la udongo mweusi wa mimea isiyooza, lililochorwa ramani kwa mara ya kwanza mwaka 2017, lenye ukaa wa tani zipatazo bilioni 30. Na wataalamu waliochimba humo wakaonyesha mwaka 2022 kwamba hali ya hewa ilipokauka, maelfu ya miaka iliyopita, udongo huo ulioza na kupoteza sehemu kubwa ya ukaa wake. Msitu wa nchi kavu nao bado unameza hewa ya ukaa, lakini vipimo vya miti vilivyokusanywa katika nchi nyingi za Afrika na kutolewa mwaka 2020 vinaonyesha dalili za kuchoka tangu karibu mwaka 2010. Kongo hukata karibu nusu milioni ya hekta za msitu wa asili kila mwaka, sehemu kubwa kwa mashamba na makala, yaani mkaa wa kuni. Mkongo mmoja, kwa mafuta na makaa ya mawe anayotumia, hatoi hata sehemu moja ya kumi ya tani kwa mwaka, ilhali Mmarekani hutoa karibu tani 14. Na mwenye kusimama Kindu akaambiwa aache makala kwa ajili ya dunia ana haki ya kuuliza ataletewa nini cha kupikia badala yake. Swali hilo halijajibiwa kwa heshima linayostahili.

Nimesema kwamba anga letu ni shahidi asiyeitwa. Usiku wa tarehe 4 Mei 2023 mvua ilishuka juu ya Kalehe, Kivu Kusini, na vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vikafagiliwa. Waliokufa walizidi 400. Mwezi uliofuata kundi la wataalamu wa kimataifa, ambalo kazi yake ni kuhesabu sehemu ya joto la dunia katika maafa ya namna hii, lilitoa taarifa likisema kwamba haliwezi kutoa hesabu, kwa kuwa vipimo vya mvua vya eneo lile ni haba na vilivyopo vinapingana. Mafuriko ya Ulaya hupewa hukumu yake katika siku au majuma machache. Ya kwetu yalikosa hukumu kwa sababu ya ndoo ya kupimia mvua na daftari la kuandikia. Zamani, katika miaka ya INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya wakati wa Wabelgiji yenye makao yake Yangambi, pamoja na mashamba makubwa, misheni, migodi na stesheni za reli, nchi hii ilikuwa na vituo vingi vya kupima mvua na joto. Baada ya 1960 vilikufa kimoja baada ya kingine, kwa vita, kwa ukosefu wa mishahara, na kwa kusahauliwa. Pale Yangambi mnara mpya ulisimamishwa mwaka 2020 kupima pumzi ya msitu, na ni jambo la kushukuru, lakini mnara mmoja kwa bonde lenye ukubwa wa Ulaya ya Magharibi hautoshi kitu.

Kipimo cha mvua hakihitaji umeme, wala intaneti, wala ruhusa ya Kinshasa. Kinahitaji mtu mmoja mwaminifu asomaye kila asubuhi saa ile ile na kuandika. Shule za Kasuku, za Mikelenge na za Alunguli zaweza kuianza kazi hiyo muhula ujao. Na kwa yale ya zamani, nawaomba waliobaki na daftari za mvua za misheni, za reli, za migodi ya Kalima au za mashamba, hata kama zimechanika na wino umefifia, wazipeleke Chuo Kikuu cha Kindu zipigwe picha kabla mchwa hawajazimaliza.